Mlo wa Mwami

Picha ile iliingia kwenye simu ya Thacienne wakati anachagua jeneza. Mhudumu wa nyumba ya mazishi, mwanamume mpole mwenye tai ya kijivu, alikuwa akimweleza tofauti ya mbao hii na ile, na Darlène, binti wa Thacienne, akitafsiri kwa sauti iliyokauka. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha baridi, alikuwa amelala Eustache, mume wake. Simu ikatetemeka mkobani. Aliitoa kwa mazoea tu, bila kutarajia chochote. Kwenye kioo alimwona Mwami wa Bunyambira ameketi meza kuu ya hoteli moja huko Don Mills, kofia ya manyoya kichwani, nishani mpya kifuani, kinywa wazi, na uma wenye kipande kinono cha nyama ukiwa njiani kuingia. Alikuwa anacheka. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika kwa furaha kwamba Mwami wetu ameheshimiwa leo, amekula na wakubwa wa Toronto.

Asiyetoka Bunyambira atauliza kuna kosa gani mzee wa watu akila nyama. Basi aelewe hivi. Watu wa milima ile wamefungamana na mfalme wao kwa mambo mengi, lakini fundo kubwa liko tumboni. Maharage mapya yakiiva, hakuna nyumba inayoyatia chunguni mpaka Mwami ayaonje kwanza. Hata mtoto akilia, ataachwa alie. Na mtu wa Bunyambira akifa, awe tajiri au hohehahe, Mwami hatii kitu kinywani tangu habari imfikie mpaka udongo urudishwe juu ya kaburi. Wao hawali kabla yake, naye hali kabla mtu wao hajazikwa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja tangu enzi za mababu, na hakuna aliyejisumbua kuyaandika popote kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba upande mmoja ungekuja kusahaulika.

Upande wa watu haukusahaulika. Vita vilipomtimua Mwami milimani, akatua Toronto kama wakimbizi wengine wote, makaratasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, ni watu wake waliompokea. Wazee walizunguka maghorofa ya St. James Town wakitafuta nyumba iliyo juu kabisa, kwa sababu ni mwiko mtu kulala juu ya kichwa cha Mwami. Ofisi ya jengo ilidhani watu hawa wanapenda kutazama ziwa. Wanawake walijipangia zamu ya kupika, wanaume zamu ya kumpeleka hospitali na kwenye ofisi za serikali. Na jengo lile lilipokatikiwa umeme mwezi wa kwanza, lifti zikafa, mabomba ya juu yakakauka, ni Eustache aliyempandishia maji. Daktari alikuwa ameshamwonya kuhusu moyo wake. Alipanda ngazi na madumu mawili, akipumzika kila ghorofa, mgongo ukutani, akihema, kisha akashuka kuchukua mengine. Thacienne hakuwahi kusema kwamba ngazi zile ndizo zilizomuua mume wake. Alisema tu kwamba alizipanda, na mwezi uliofuata alikuwa maiti.

Mazishi yalichukua zaidi ya wiki, kama ilivyo desturi ya mji huu, ambako hata maiti husubiri nafasi. Wanyambira walijaa nyumbani kwa Thacienne siku zote hizo. Walipika, waliosha vyombo, waliimba, walilala sakafuni. Mwami hakuja, wala hakutuma mtu. Mpwa wake, Yvan, alituma ujumbe wenye maua ya simu. Siku ya kaburi theluji ilikuwa inaanguka, na Thacienne alisimama kando ya shimo akiwaza jambo moja tu, nalo lilimtia aibu: amekula. Mtu wangu yuko juu ya ardhi, na yeye amekula, tena amecheka.

Baada ya hapo akangoja. Alijua kungoja; alikuwa amengoja makambini, amengoja visa, amengoja basi kwenye baridi inayokata masikio. Alidhani Mwami atamwita siku moja ampe neno, hata liwe la uongo. Majira ya baridi yakapita, miti ikachipua, mahindi ya kuchoma yakatokea barabarani, na hakuitwa. Alipowagusia wazee, walimtazama kana kwamba amevua nguo mbele yao. Mwami hahojiwi, walimwambia, kila mmoja kwa sauti ileile ya upole. Upole huo ndio uliomchoma zaidi.

Yvan alifika Jumapili moja ya mwezi wa tisa, baada ya misa. Alikuwa msemaji wa Mwami, mtu wa ofisi ya bima, mwenye viatu vinavyong'aa na maneno yaliyopigwa pasi. Alivua kofia mlangoni akaketi kwenye kiti ambacho zamani kilikuwa cha Eustache, wala hakujua.

“Mama Darlène, habari ya siku nyingi.”

“Nyingi kweli,” Thacienne alijibu. “Tangu mwezi wa pili.”

Yvan alikohoa kidogo. “Bon. Nimetumwa. Mwami anakusalimu sana. Sikukuu ya maharage ni Jumamosi hii, salle tumeshaipata, ule ukumbi wa kanisa. Anauliza kama kikapu kiko tayari.”

Swali lile lilikuwa la lazima. Thacienne alizaliwa katika ukoo wa watu wa mbegu, ambao wanawake wake peke yao ndio hubeba kikapu cha kwanza mpaka miguuni pa Mwami, na huku Kanada alikuwa amebaki yeye tu. Kila mwaka alilima maharage kwenye kijishamba cha jumuiya kati ya maghorofa. Wazee walikuwa wameshaamua zamani kwamba maharage ya kopo na ya dukani hayahesabiki, la sivyo watu wangefunga tangu mwezi wa saba. Lakini yaliyolimwa kwa mkono ni maharage mapya, na hayo yana mwenyewe.

“Kikapu kiko tayari,” alisema. “Mwenyewe je, yuko tayari?”

“Tayari kwa nini, Mama?”

“Kuniambia kwa nini alikula nyama mume wangu akiwa kwenye friji.”

Yvan alitazama mlango kana kwamba mtu angeweza kusikia. “Pardon, Mama. Maneno hayo hayasemwi.”

“Sikuuliza yapi yanasemwa. Nimeuliza kwa nini alikula.”

“Mama, tafadhali, fikiri na wewe. Kule kwetu mtu anakufa asubuhi, jioni amezikwa. Mwami anafunga mchana mmoja, imekwisha. Huku wanaweka maiti wiki nzima, wiki mbili, wanangoja karatasi. Donc unataka Mwami afe kwa njaa ndiyo mfurahi?”

“Hakufunga hata mchana mmoja, Yvan. Hata mlo mmoja hakuuacha. Angenitumia neno tu: Mama, huku siku ni nyingi, nimejinyima ya leo. Ningeinama nikashukuru. Nyinyi mmenitumia maua ya simu.”

Yvan alisimama, akakunjua kofia yake, na ule upole wa pasi ukamtoka. Alimwambia waziwazi kwamba bila kikapu hakuna sikukuu, na bila sikukuu Wanyambira wote wa mji huu watakaa na maharage yao yakioza, na watajua ni nani aliyewafanyia hivyo. Mlango wake utafungwa. Hakuna atakayempigia hodi, iwe kwa ugonjwa, iwe kwa harusi, iwe kwa kifo. “Nakuheshimu kama mama yangu,” alimalizia, “ndiyo maana nakuambia mapema.”

Alipoondoka, Darlène alitoka chumbani ambako alikuwa amesikia yote. Alikuwa amekulia huku. Kiswahili alikielewa mpaka mzizi, lakini hasira zake zilitoka kwa Kiingereza.

“Achana nao, Mama,” alisema. “Huyo si mfalme wako tena. Siku ya uraia uliinua mkono ukaapa kumtii mfalme mwingine kabisa, yule wa kwenye sarafu.”

“Yule wa kwenye sarafu hajawahi kula maharage yangu,” Thacienne alimjibu kwa Kiswahili. “Huyu ameyala. Simdai mtu ambaye sijamlisha.”

Lakini maneno ya Yvan yalikuwa yameingia mfupani. Usiku na mchana aliyapima. Ni wanawake wa Bunyambira waliomshika mikono siku ya kaburi. Ni wao ambao, yeye akilazwa, huja na supu ndani ya chupa za moto na kubishana na wauguzi. Darlène ana maisha yake, kazi yake, mchumba wake mwenye mashaka na mambo ya wafalme. Siku Thacienne akifa, nani atamwimbia wimbo wa milimani? Akinyamaza, atabaki na watu wake wote, na Eustache atabaki mtu ambaye kifo chake hakikumzuia Mwami kumeza tonge. Akisema, Eustache atapata haki yake, au hatapata, na yeye atabaki na kuta nne na runinga. Hakuona njia ya tatu. Ijumaa aliyachuma maharage, akayachambua, akayaosha, akayaloweka. Jumamosi asubuhi aliyapika kwa chumvi tu kama inavyotakiwa, akalia kidogo kwenye mvuke, kisha akapiga moyo konde na kuvaa vitenge vyake vya sikukuu.

Salle ya kanisa ilikuwa imepambwa kwa maputo na kanga. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, na samaki ilikuwa imejaa mpaka darini. Sahani za fufu, wali na kuku zilikuwa zimepangwa mezani zikiwa zimefunikwa kwa karatasi za bati, maana hakuna aliyeruhusiwa kufunua chochote kabla ya Mwami kuonja. Watoto walikimbizana chini ya meza wakipiga kelele za Kiingereza. Mwami alikuwa jukwaani, kwenye kiti kilichoinuliwa juu ya ubao. Karibu hivi alionekana mdogo kuliko kwenye picha, mzee mwenye mashavu yaliyobonyea na macho yasiyokaa mahali pamoja. Yvan alisimama bega lake la kulia.

Ngoma ilipolia, Thacienne aliingia na kikapu kichwani, chungu cha maharage ndani yake. Watu walipiga makofi ya heshima, taratibu, kama inavyopasa. Alipanda jukwaani. Hapo ndipo alipopaswa kupiga magoti, ashushe kikapu, aseme “Kula, ili nasi tule.” Alikishusha kikapu mpaka kifuani, akakishika kwa mikono miwili, akabaki wima. Makofi yalikatika moja baada ya jingine.

“Mwami wangu,” alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. “Mimi ni Thacienne, wa watu wa mbegu. Tangu ulipofika mji huu nimekuletea kikapu hiki kila mwaka kwa magoti. Leo magoti yamekataa. Mume wangu, Eustache, alikuwa mtu wako. Umeme ulipokatika alikupandishia maji kwa mgongo wake mpaka juu kule unakolala ili pasiwe na mtu juu ya kichwa chako. Alipokufa, ulikula. Hajazikwa, ulikula. Tulikuona sote kwenye simu zetu. Hapa hakuna hata mmoja aliyegusa harage moja kabla yako, hata hawa watoto wasiojua Bunyambira iko wapi. Sisi tumelishika letu. Lako liko wapi?”

Mtu alisema “Yesu wangu” kwa sauti ya chini. Mzee mmoja alinyanyuka aje amshike mkono, mke wake akamvuta shati akakaa. Yvan alipiga hatua mbele, uso umemwiva.

“Huyu mama ana huzuni ya ujane,” aliwatangazia watu. “Tumhurumie. Mnajua wenyewe namna watu wanavyozikwa huku, wiki nzima, wiki mbili. Hakuna mwanadamu—”

“Mlo mmoja!” Thacienne alimkata. “Nilitaka mlo mmoja!”

Ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulitarajia. Kutoka nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja alisema, “Hata kaka yangu hakufungiwa.” Na mwingine, “Wala mtoto wetu aliyekufa kiwandani.” Hawakupaza sauti, walisema kama watu wanaotoa kijiba kilichowakaa rohoni muda mrefu. Manung'uniko yakazunguka meza kwa meza. Thacienne akatambua kwamba muda wote ule alidhani yuko peke yake, na hawa nao walikuwa wamekaa majumbani mwao na picha zao.

Mwami aliinua mkono. Ukumbi ukatulia.

“Leo jua linazama saa ngapi?” aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Kijana mmoja alichungulia simu. “Kama saa moja na nusu, Mwami.”

“Basi sitakula kabla ya hapo. Wala maharage, wala kitu kingine. Ni kwa ajili ya mume wa mama huyu, na hao wengine waliotajwa.”

Yvan aliinama akamnong'oneza sikioni kwa haraka, mara ya kwanza, mara ya pili. Mwami alimsukuma kwa kiwiko. Thacienne aliweka kikapu miguuni pa mzee, akashuka, akaenda kuketi karibu na rafiki yake Nicole. Nimeshinda, alijiambia. Eustache, amefunga. Lakini kulikuwa na punje moja ya mchanga katika ushindi ule: mume wa mama huyu, ndivyo alivyosema. Jina lilikuwa limetajwa mbele yake sasa hivi, na hakulichukua.

Basi wakakaa. Watu wote wakakaa na njaa yao pamoja na mfalme wao, wakitazama bati likimeremeta juu ya kuku. Watoto walipewa biskuti nje. Wanawake waliimba nyimbo za msiba zisizoimbwa kwenye sikukuu, kwanza kwa woga, kisha kwa vifua wazi. Mchana ule wa mwezi wa tisa ulikuwa mrefu na mweupe, na jua liliganda kwenye madirisha ya juu kana kwamba limepigiliwa misumari.

Ni Nicole aliyeona kwanza. Alimgusa Thacienne kwa kidole. “Hebu mtazame. Lile jasho.”

Thacienne alitazama. Ukumbi ulikuwa na ubaridi wa mashine, lakini paji la Mwami lilikuwa linachuruzika. Kofia ya manyoya ilikuwa imelala upande. Mkono wake wa kushoto ulicheza juu ya goti, nao ule wa kulia ukaufunika ili usionekane, ukaanza kucheza pamoja nao.

“Ni sukari,” Nicole alinong'ona. “Mimi naijua, ndiyo inayoniangusha kanisani. Amechoma sindano yake asubuhi akijua atakula mchana. Asipopata kitu cha utamu atazimia pale pale.”

Sasa Yvan alikuwa amesimama mbele ya kiti, koti lake amelifungua kwa mikono miwili kama pazia, akijifanya anazungumza na Mwami. Wazee wa mstari wa mbele waliona, na kila mmoja akaanza kutazama viatu vyake. Ni mwiko mtu wa kawaida kumgusa Mwami, na mwiko mkubwa zaidi ni kumwona akidhoofika. Wangemwacha afe kwa heshima.

Thacienne hakunyanyuka mara moja, na hilo lazima lisemwe. Alikaa akatazama lile koti, na kitu kigumu ndani yake kikasema: mwache. Eustache naye alitoka jasho. Alisimama kwenye kila ghorofa na mkono kifuani, na hakuna aliyefungua koti kumsitiri. Jua bado lipo, mwache alipie kila dakika. Kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka, alitaka kwa moyo wake wote mzee yule aanguke.

Kisha akasikia pumzi. Kupitia nyimbo na viti vinavyosogezwa alisikia Mwami akihema, fupifupi, kwa kinywa. Alikuwa ameisikia pumzi ya namna ile kwenye mlango wake mwenyewe, Eustache alipokuwa akirudi kutoka kwenye ngazi.

“Nipe juisi yako,” alimwambia Nicole, wala hakungoja jibu. Alifungua mwenyewe mkoba wa rafiki yake, akachomoa kikopo cha machungwa, akapanda jukwaani. Yvan alijaribu kumzuia. “Mama, hapana, watu wanaona.”

“Waone,” alisema, na alimsukuma kando kwa bega kama anavyopita mlangoni mwa treni. Alilivuta lile koti likashuka. Akaishika shingo ya Mwami wa Bunyambira kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mtoto mwenye homa, ukumbi mzima ukavuta pumzi, akamtia kikopo mdomoni. “Kunywa.”

“Bado jua,” mzee alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito.

“Kunywa, nimesema.”

Akanywa. Juisi ilimchuruzika kidevuni mpaka kwenye nishani. Thacienne alimfuta kwa upindo wa kitenge chake, akamnywesha tena mpaka kikopo kikaisha, kisha akasimama palepale mbele yake, mikono kiunoni, akangoja. Polepole macho ya mzee yakarudi na kukaa mahali pamoja. Nyimbo zilikuwa zimenyamaza. Hakuna aliyethubutu kujifanya hajaona.

“Tangu lini?” alimwuliza.

“Kabla sijaja huku.”

“Na siku ile ya picha?”

“Nilijaribu, Mama. Nilipoambiwa mtu amekufa nilijaribu kufunga. Nikaanguka bafuni. Yvan akanilisha kwa nguvu. Ile karamu ilikuwa siku ya pili yake.”

“Na kicheko?”

“Mwenye kamera alisema nicheke.”

Thacienne alihisi hasira yake ikitafuta mahali pa kusimama, na ikapapata, tena pakubwa kuliko mwanzo. “Kwa hiyo umetuacha tukuchukie bure? Umekaa juu kule na sindano zako, wajane wanalia chini, na neno moja halikushuka? Ungetuambia! Tungefunga sisi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, wewe ukala ukapona. Tungekubebea na hilo pia. Ni kitu gani hatujakubebea?”

“Mwami hana mwili,” mzee alisema. Alisema kama anayekariri katekisimu. “Ndivyo nilivyofundishwa. Haugui, hachoki, hazeeki. Watu wakijua anaugua, watasema mvua itakatika.”

“Mvua ya wapi? Ya Toronto?”

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajikamata.

“Eustache alikuwa na mwili,” Thacienne alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini kila mtu alimsikia. “Ndio uliokupandishia maji.”

Mwami alivua kofia ya manyoya, akaiweka mapajani, na nywele zake chache nyeupe zilikuwa zimelowa na kulala kama za mtu yeyote aliyetoka kuoga. Yvan alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jukwaa, uso viganjani. Huko chini, mzee yule aliyevutwa shati na mkewe alinyanyuka tena, na safari hii hakuvutwa.

“Jua bado halijazama,” alisema, akitafuta maneno. “Mwami amekunywa dawa. Ni sawa. Sisi wengine hatujanywa kitu. Tutamalizia.”

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye bati. Mwanamke mmoja alianzisha upya wimbo ulioachwa katikati, wengine wakaupokea.

Thacienne aligeuka ashuke. Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha, na bado amekasirika, na hakujua amkasirikie nani vizuri zaidi.

“Mama.” Alikuwa ni Mwami. “Alikuwa mtu wa namna gani?” Kisha, kwa shida, kama mtu anayetamka neno la lugha ngeni: “Eustache.”

Thacienne alisimama. Halafu alishuka chini, akachukua kiti cha plastiki kutoka kwenye meza ya karibu, akakipandisha jukwaani. Akausukuma kwa mguu ule ubao ulioinua kiti cha Mwami, ukatoka upande mmoja, na mzee, akielewa, akanyanyuka kidogo ili utolewe wote. Thacienne akaketi bila kukaribishwa, macho yake sawa na ya Mwami.

“Kwanza,” alisema, na sauti yake ilikuwa bado kali, “hakupenda maharage hata kidogo.”

Mwami hakucheka. Alikishika kikopo kitupu kwa mikono miwili, akangoja aendelee.